Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Hanang

YAH: OMBI LA FUNGU LA VYUMA CHAKAVU KWA MAFUNDI WA SANAMU

Ndugu Mkurugenzi,

Magari, pikipiki na mashine za umma zikichakaa huuzwa kwa mnada. Ombi langu ni kwamba kabla ya mnada mtenge fungu dogo kwa mafundi wa wilaya wanaotengeneza sanamu. Tutalipa kwa kilo kama mnunuzi mwingine yeyote.

Mimi natengeneza roboti. Kichwa hutoka kwenye taa ya bodaboda, mbavu ni cheni, magoti ni beringi, vidole ni plagi zilizokufa. Shokapu mbili hufanya miguu. Anayeiona kwa mara ya kwanza huanza kutaja vipuri kimoja kimoja, watoto wakimtangulia, na hapo ndipo mazungumzo ya bei huanza.

Chuma hicho hicho kikipita kwa mwenye mizani, hupakiwa lori hadi viwandani Dar es Salaam kikayeyushwe kuwa nondo. Nondo tunazihitaji, sizibezi. Lakini roboti huishi kwa umbo la kipuri, na kipuri kikishapondwa na kutupwa kwenye gunia hakinifai tena. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi isiyo na riba, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, inaweza kumpatia kijana mashine ya kuchomelea na grenda. Bila vipuri vizima, mashine hiyo atachomelea madirisha kama wenzake wote.

Ujuzi wenyewe si mgeni kwetu. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha koki na kufuli kuukuu za shaba wakapata bangili, na misumari huifua kuwa ncha za mishale. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe huchukua ncha hizo kwa kubadilishana na asali, na watalii wanaopitia Karatu hununua bangili palepale penye mvukuto. Kwetu kuna Wabarabaig, ambao ni Wadatoga hao hao, na kuna Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Mgeni akishuka Katesh, tumuuzie nini kilichotoka mikononi mwetu?

Jambo jingine liko moyoni mwangu. Mashine nyingi za kilimo ziliingia hapa na mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Canada tangu miaka ya 1970, na kwa ajili ya mashamba hayo Wabarabaig walipoteza malisho yao bora. Natamani mzee aliyeondolewa kule amwone mjukuu wake akipata ada ya shule kwa sahani ya haro iliyochakaa.

Wenzetu wamethubutu. Dar es Salaam, mafundi wenye ulemavu wa Wonder Workshop wanauza sanamu za vyuma vilivyotupwa. Nairobi, Kioko Mwitiki amejulikana nje ya Kenya kwa tembo wa mabati na vyuma chakavu, wenye kimo cha tembo halisi.

Najua biashara ya vyuma chakavu ina vibali vyake, na ni haki iwe hivyo, maana wapo wanaong'oa alama za barabarani na vyuma vya madaraja. Ndiyo sababu nataka vyetu vitoke mikononi mwa halmashauri, vikiwa na barua ya Idara ya Maendeleo ya Jamii inayotaja kila kipande. Kijana mwenye gunia la vyuma mgongoni hudhaniwa mwizi kabla hajafungua mdomo. Karatasi hiyo itamlinda.

Mnada ujao ukipangwa, naomba tuitwe siku moja kabla. Tuchague mbele ya mtunza stoo na mkaguzi wa ndani, tupimiwe, tulipe, tupewe stakabadhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa vyuma, Dirma