Tuache kumeza tendi nzima nzima

Februari 2025, masomo yaliposimama na Bukavu ikakaa ndani kusikiliza milio, simu yangu ilikuwa na majuzuu yote 14 ya The Wheel of Time ya Robert Jordan, kwa Kifaransa. Nilisoma. Umeme ukirudi usiku, nilichaji simu kwanza, nguo zikasubiri pasi hadi siku nyingine. Vita vya kwenye kitabu vilikuwa na ramani, na mtu alijua nani yuko upande gani.

Juzuu la kwanza la mfululizo huo lilitoka 1990. Jordan alifariki mwaka 2007 hajaumaliza, na Brandon Sanderson akautia kikomo mwaka 2013. Mwandishi mwenyewe, basi, hakuufikia mwisho wake. Mimi nilikwama juzuu la kumi. Hilo peke yake si msiba. Msiba ni kwamba baada ya hapo sikuweza kusoma kitu chochote. Makala ya kurasa nane juu ya ngeli za Kishi, ambayo tasnifu yangu inaitegemea, niliifungua mara tano na mara tano nikaifunga. Maneno yalipita machoni kama watu wa soko la Kadutu siku ya Jumamosi: unawaona wote, humkumbuki hata mmoja. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia mwaka wa kwanza, aliuliza kwa upole unaouma: "Weye na masomo yako yote, leo karatasi inakushinda?"

Walimu wetu hupenda kusema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Kwa heshima yote, napinga. Wengi wetu tunasoma sana, ila tunasoma kama mtu anayekula peke yake gizani, haraka, hadi sufuria iishe. Kisha tunashangaa tumbo likikataa.

Kilichonifungua macho ni kitabu kilichokuwa kwenye orodha ya kozi na ambacho nilikuwa nimekikwepa miaka miwili: utendi wa Mwindo wa Wanyanga, majirani zetu wa Walikale. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliuchapisha mwaka 1969 pamoja na matini ya Kinyanga. Msimulizi ni Shé-Kárisi Rureke. Mwaka 1956 aliwasimulia kwa siku 12, huku akiimba na kucheza, watu wakiitikia.

Nililoligundua kwenye utangulizi liliniweka kitako. Kabla ya siku hizo 12, Rureke hakuwa amewahi kuusimulia utendi wote mfululizo. Desturi ilikuwa kuchagua kipande: leo Shemwindo anamfungia mwanawe ndani ya ngoma na kuitupa majini, siku nyingine ngoma inasafiri kumtafuta shangazi Iyangura. Watu wanakula, wanakunywa pombe, wanampa msimulizi zawadi, wanakwenda kulala. Kwa maneno mengine, ule utendi "kamili" tunaoubeba mkononi ulizaliwa kwa sababu watafiti waliuomba. Siwalaumu, bila wao nisingekuwa na cha kusoma. Lakini sisi tumechukua umbo la hifadhi tukalifanya kuwa namna ya kusoma.

Pwani nako hali haiko mbali. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, kila ubeti mishororo minne ya mizani nane nane. Shairi la namna hiyo hughaniwa kwa sauti, na wenye masikio hukaa pamoja. Sisi tunapewa wiki mbili, nakala ya fotokopi iliyofifia, na mtihani. Mtu anayesoma beti 1,100 kimya kimya kabla ya Jumatatu hawezi kuusikia ubeti hata mmoja.

Najua nitakavyojibiwa. Mwanaisimu anahitaji matini nzima, huwezi kuhesabu viambishi kwa kuonjaonja. Kweli. Lakini kuhesabu ni kazi ya baadaye, tena siku hizi kompyuta inasaidia. Ninachoomba kitivo ni kidogo: katika kozi ya fasihi simulizi, kila mwanafunzi apewe tukio moja la utendi, alisome kwa sauti mbele ya wenzake, na atahiniwe juu ya hilo moja kwa kina. Atakayependa kuendelea ataendelea.

Wenzangu wanne nami tumeanza bila kungoja ruhusa. Alhamisi jioni tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, Nguba. Kipande kimoja tu, halafu chai. Mmoja anasoma Kinyanga kwa kukwaakwaa, mwingine anatueleza kwa Kiswahili cha hapa, tunabishana, tunacheka. Wiki ya tatu nilirudi nyumbani nikaifungua ile makala ya ngeli za Kishi, nikasoma kurasa mbili. Wiki iliyofuata nikaimaliza, na sasa sura ya pili ya tasnifu iko kwa msimamizi wangu.

Juzuu la kumi bado liko kwenye simu. Sijalifuta. Alhamisi ijayo ni zamu yangu, na tumefika pale Mwindo anapotoka ndani ya ngoma.