Chupa zimeng'ang'ania, mshiko nimerudisha!

Wiki hii sina hamu ya stori za mapenzi. Nina uchungu wa mfukoni.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa ufinyanzi aliyestaafu, aliniuzia tanuri lake la umeme na boksi la makorokoro: vibao vya kupangia vyungu ndani na nusu ndoo ya ule unga mweupe wa kupaka vibao. Bei ya kutupa. Mimi nikaona dili hapo hapo. Chupa si zimejaa mtaani? Unavunja, unapanga vipande, unapandisha moto mpaka nyuzi 800 na kitu, vinashikana vinakuwa kisahani. Dada mmoja ana sendofu, akaagiza vya kugawia wageni. Akatoa na advansi.

Kibao kilikuwa kimeshapakwa unga tangu enzi za mwalimu, cheupe pee. Nikasema ya nini kuhangaika? Nikapanga, nikachoma, LUKU ikala uniti zangu zote. Kesho yake nafungua, kasheshe! Vioo vimeganda na kibao kama ulimbo. Nikatia patasi. Kikapasuka kioo, kikapasuka na kibao.

Nikamfuata mzee. "Shikamoo mwalimu. Ule unga wako umeoza."

"Marahaba. Unga hauozi, mwanangu. Ulipaka upya?"

Nikabaki kutoa macho. Kumbe unga mkavu wa ndooni hauna uzee, ni kaolini na alumina tu. Hata ukae miaka 20, unakoroga na maji uwe kama maziwa, unapaka, unaacha ukauke. Ila ule uliokwishaungua juu ya kibao, kwisha kazi. Moto umeshaibadilisha ile kaolini, kioo kikiyeyukia hapo kinanasa. Ukwangue wote, na matone ya rangi ya vyungu yaliyoganda nayo yatoke. Lowesha kwanza, vaa na barakoa, vumbi lile linaua mapafu.

Akaninong'oneza na jingine: usichanganye chupa za aina mbili kwenye kisahani kimoja. Hazitanuki sawa, vikipoa vinapasuka vyenyewe.

Advansi ya dada nimerudisha, kanuna kweli kweli. Vimebaki vibao viwili. Jumamosi nimevikwangua uani, mama kafoka mpaka majirani wakachungulia. Jana usiku nimechoma kimoja, unga mpya, chupa za aina moja. Naandika hapa tanuri bado la moto. Sifungui!