Nani Mwenye Ngazi? Fleti za Zamani za Upanga na Wanaozitaka

Madalali wa Upanga wana mtindo mmoja: ngazi hupandwa haraka, maneno huanzia mlangoni. Mlango ukishafunguliwa ndipo utasimuliwa vyumba vitatu vikubwa, dari iliyo juu, baraza inayopokea upepo wa bahari, Muhimbili kwa miguu, Posta kwa bajaji. Na si uongo. Fleti za miaka ya 1950 na 1960 zilichorwa na watu walioijua Dar es Salaam kabla kiyoyozi hakijawa kitu cha kawaida, na nyingi zina nafasi ambayo minara mipya ya vioo imeigeuza kuwa anasa. Ndiyo maana familia changa zilizochoshwa na foleni ya kutoka Goba au Kibamba hufika mahali zikajiuliza: tuuze kiwanja, tuongeze mkopo, tununue fleti ya zamani mjini?

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwanza ijulikane nani anawajibika kwa vile vitu ambavyo dalali amevipita mbio: ngazi, paa, mabomba, nguzo na tangi la maji. Mara nyingi hakuna. Hilo ndilo tatizo kubwa la majengo haya kuliko umri wake, nalo ni la Serikali kabla halijawa la mnunuzi.

Upanga haikuanza kama mtaa wa watu mchanganyiko. Majengo yake mengi yalitokana na vyama vya ujenzi vya jumuiya za Kihindi, kabla na mara baada ya Uhuru. Ndani ya jengo moja waliishi watu waliosali pamoja, wakaozeshana na kuzikana. Bomba likipasuka, mzee wa jumuiya alipita mlango kwa mlango na fedha ikapatikana, kwa kuwa aliyekataa kuchangia leo angekutana naye tena Ijumaa. Aprili 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakuwa akilikalia lote likachukuliwa na umma chini ya Msajili wa Majumba, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia. Familia nyingi zikafunga mizigo kwenda Canada na Uingereza. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Leo katika mtaa mmoja utakuta jengo la Shirika, jengo la watu binafsi na mnara mpya wa mwekezaji vikipakana ukuta kwa ukuta.

Wakazi nao wamebadilika. Ghorofa ya kwanza yupo bibi wa Kikachi aliyekataa kuhama, ya pili daktari kutoka Bukoba, ya tatu Wapemba wenye duka Kariakoo, ya juu wanafunzi waliopangishwa na mrithi anayeishi Toronto. Ni mtaa mzuri wa kulelea mtoto: atazijua Idi na Diwali kabla hajajua kusoma. Ila utulivu huo wa kuishi pamoja haujazaa chombo cha kuendesha jengo. Jumuiya ile haipo, Msajili hayupo, na kikundi cha WhatsApp cha majirani hakiwezi kumdai mtu mahakamani.

Sheria inayopaswa kuziba pengo hilo ipo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kupata hati ya fleti yake peke yake, pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja, na inataka wamiliki wawe na chama chenye nafsi ya kisheria cha kuzisimamia. Kwa majengo mapya mjenzi huanzisha utaratibu huo mwenyewe, kwani bila hati za sehemu hawezi kuuza vizuri. Kwa jengo la mwaka 1958 ni wamiliki wenyewe wanaotakiwa kukubaliana, kumlipa mpimaji, kuchora mpango wa sehemu na kusajili. Mmoja yuko Leicester, mwingine amefariki na mirathi haijafunguliwa, wa tatu anasema jengo limesimama miaka yote bila chama, kwa nini leo?

Kwa nini leo, jibu liko kwenye zege. Upepo uleule wa bahari unaosifiwa na dalali hubeba chumvi. Chumvi hupenya zege taratibu mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba huipasua zege inayoifunika. Dalili zake ni mistari ya ufa inayofuata mkondo wa nondo chini ya baraza, mabaka ya rangi ya kutu, na vipande vya plasta vinavyodondoka msimu wa mvua. Fundi akipiga plasta mpya na rangi juu yake, amefunika ugonjwa tu. Juu ya paa kuna mzigo ambao mchoraji wa awali hakuuwazia. Maji ya bomba yalipoanza kusuasua, kila familia ilipandisha simtanki lake. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Fleti 12 zikifanya hivyo ni tani 12 juu ya slabu ambayo pengine ilihesabiwa kubeba watu wachache wanaoanika nguo.

Waoga watataja maporomoko, na wana haki. Ila tuyasome vizuri. Jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013 na kuua watu 36 halikuwa kuukuu. Lilikuwa bado linajengwa. Lile la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 lilikuwa likitumika, na taarifa za wakati ule zilizungumzia uchimbaji wa chini kwa ajili ya kupanua eneo la biashara. Katika yote mawili umri peke yake hauelezi vifo. Kinachonitisha zaidi ni jengo ambalo mtu mmoja anaweza kubomoa ukuta, kuchimba chini au kuongeza ghorofa bila kuwepo mwenye mamlaka ya kumwambia simama. Fleti ya Upanga isiyo na chama iko katika hali hiyohiyo, ila kwa mwendo wa polepole.

Upo mtego mwingine, wa karatasi. Baadhi ya viwanja vya kati ya jiji vilikuwa na umiliki wa kudumu wa enzi za ukoloni, na mwaka 1963 vikageuzwa kuwa vya upangaji wa Serikali wa miaka 99. Ukihesabu, muda huo unaishia 2062. Aliyenunua mwaka 2022 juu ya hati ya namna hiyo alibakiwa na miaka 40, na benki inayokopesha kwa miaka 20 au 25 hulitazama jambo hilo kabla ya kutazama mshahara wako. Muda unaweza kuombwa upya, lakini nani ataomba kwa niaba ya jengo zima? Tumerudi kwenye chama kilekile.

Kuhusu kilemba, yaani fedha ya kununua nafasi ya mpangaji, nitasema kwa ufupi. Anayekuuzia "fleti ya Shirika" kwa mamilioni na kukukabidhi funguo na kitabu cha kodi hajakuuzia nyumba. Amekupisha kwenye upangaji ambao si wake kuuza.

Sasa fedha. Riba za mikopo ya nyumba kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Ukikopa shilingi milioni 150 kwa asilimia 17, ulipe kwa miaka 20, utatoa takriban milioni 2.2 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa kama milioni 528. Kwa mwalimu na muuguzi hesabu hiyo haifungi. Fleti ya zamani ina nafuu zake: mauzo ya kwanza ya nyumba mpya kwa kawaida hubeba VAT ya asilimia 18, wakati iliyokaliwa miaka mingi haibebi, na jengo la ghorofa tatu halina lifti wala jenereta la kulipia. Lakini nafuu hiyo si zawadi. Sehemu yake ni deni la matengenezo ambayo hayakufanywa kwa miaka 40, na mnunuzi analibeba bila kuandikiwa popote. Kuna pia wauzaji wanaoomba bei ndogo iandikwe kwenye mkataba ili kukwepa kodi ya ongezeko la mtaji. Usikubali hata ukibembelezwa. Siku ukiuza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia bei hiyo ya uongo, na kodi aliyoikwepa yeye itakuwa yako.

Wapo wanaosema haya yote yanamalizwa na buldoza: bomoa, jenga ghorofa 15, jiji lipate makazi mengi zaidi. Hoja yao ina uzito. Dar es Salaam haiwezi kuendelea kutanuka hadi Chalinze huku kiwanja cha katikati kikiwa na familia nane. Pale ambapo jengo limeoza kweli, libomolewe. Lakini minara inayochipuka Upanga haijengewi waliokuwa wakiishi humo; bei zake zinajieleza zenyewe. Ukibomoa fleti nane za watu wa kati ukajenga 60 za wenye nacho, umeongeza nyumba na umepunguza mtaa. Kukarabati jengo imara ni rahisi kuliko kulijenga upya, mradi kuwe na wa kulikarabati.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza: uhamisho wa fleti iliyo ndani ya jengo lenye zaidi ya miaka 40 usisajiliwe mpaka kuwe na ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa kuhusu jengo zima, na taarifa ya mfuko wa matengenezo. La pili linawezekana zaidi kuliko linavyosikika. Tangu 2021 Serikali inakata kodi ya majengo kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwezi kwa mwezi. Mfumo unaoweza kukata kodi unaweza pia kukusanya mchango wa matengenezo na kuupeleka kwenye akaunti ya chama kilichosajiliwa, kwa majengo yatakayopiga kura kutaka hivyo. Najua malalamiko yatakuja, hasa ya wapangaji wanaokatwa tayari kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba. Warejeshewe kwenye pango, na mkataba useme hivyo.

Mapendekezo haya yatapandisha gharama za mauzo na kuchelewesha baadhi. Wauzaji waliozoea kuficha ufa kwa rangi hawatayapenda. Sioni ubaya.

Serikali ikisubiri, wewe mnunuzi usisubiri. Panda ngazi polepole, nenda hadi juu ya paa, kisha shuka ukatazame chini ya mabaraza. Mlete mhandisi wako mwenyewe, si wa dalali. Fanya upekuzi rasmi wa hati ujue muda uliobaki, hakikisha mwenzi wa muuzaji au warithi wote wameridhia kwa maandishi, kisha omba kumbukumbu za kikao cha mwisho cha wamiliki na salio la mfuko wao. Ukiambiwa hakuna kikao wala mfuko, na wewe huna nia ya kuwa katibu wa kwanza wa chama, achana na fleti hiyo hata kama bei ni ya kutupwa.