Tairi Ni Kipimo, Si Pambo

Mwenye chombo anapokwenda kwa fundi kutaka tanga jipya, fundi haanzi kwa kumuuliza rangi aipendayo. Humuuliza urefu wa mlingoti, upana wa chombo na shehena anayopakia. Ngalawa ikitwekwa tanga la jahazi haitafika mapema, itapinduka. Wavuvi wetu wa Unguja na Pemba wanalijua jambo hili bila ya kusomeshwa. Tunasikitika kuona kwamba hekima hiyo, iliyokaa pwani miaka mingi, bado haijapanda barabarani na kufika katika matairi ya magari yetu.

Magari mengi yanayoingia Visiwani ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, na miongoni mwao yamo magari madogo ya spoti ambayo vijana wetu huyapenda sana. Matairi yanapokwisha, mwenye gari huenda dukani na aghalabu hakuti saizi yake. Hapo ndipo linapoanza kosa. Huyu huchukua saizi "inayokaribiana" kwa kuwa ndiyo iliyopo. Yule huchagua tairi pana kwa makusudi ili gari lionekane la kishujaa. Wote wawili wameacha kipimo na kufuata macho.

Tuchukue mfano mmoja. Gari la Mazda MX-5, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1989 na huko Japani likaitwa Eunos Roadster, kizazi chake cha kwanza kilitoka kiwandani na matairi ya 185/60R14. Tarakimu hizi si urembo. 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu wa tairi, yaani asilimia 60 ya upana huo. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizijumlisha kwa hesabu ya shule ya msingi, utapata kwamba tairi zima lina kipenyo cha milimita 578 hivi.

Sasa mwenye gari amekuta dukani 185/70R14. Upana ni uleule na rimu ni ileile, na muuzaji anamhakikishia kwamba litaingia. Kweli litaingia. Lakini kipenyo chake ni milimita 615, ongezeko la zaidi ya asilimia 6. Tangu siku hiyo, mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda 85. Askari akimsimamisha, dereva ataapa kwamba hakuzidisha mwendo, na hatakuwa amesema uongo. Tairi ndilo lililomdanganya. Juu ya hayo, gari litakuwa zito kuondoka, na usukani ukikatwa sana tairi laweza kusugua madigadi.

Hatusemi kwamba saizi haibadiliki kabisa. Mwenye gari hilohilo akipata rimu za inchi 15 zinazolifaa, anaweza kuzifunga tairi za 195/50R15. Kipenyo chake ni milimita 576, tofauti ya milimita 2 tu, na kiwanda chenyewe kiliitumia saizi hiyo katika baadhi ya magari ya kizazi cha pili. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba kipenyo kisitofautiane na cha asili kwa zaidi ya asilimia 3. Basi wa kuulizwa ni kipenyo, si jicho.

Kipenyo nacho hakitoshi peke yake. Baada ya saizi huandikwa alama nyingine, kama vile 82H. 82 ni mzigo ambao tairi moja laweza kubeba, nao ni kilo 475. H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa. Tairi mbadala lisiwe chini ya hapo. Na kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi tunazoziona barabarani, kuchanganya matairi ya vipenyo mbalimbali ni kuitesa mitambo inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, mpaka iungue.

Ama wale wanaopenda tairi pana lenye ubavu mfupi, tunawakumbusha mambo mawili. Wakati wa masika, tairi pana lililolika huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, na gari linaloelea halisikii breki wala usukani. Na ubavu mfupi ukikutana na shimo, pigo lote huishia kwenye rimu. Barabara zetu zenye mashimo hazikufanyiwa mapambo hayo.

Tunajua kwamba kipato cha mwananchi ni kidogo, na kwamba tairi la saizi ya zamani huadimika. Lakini rahisi ghali. Ni afadhali gari likae nyumbani mwezi mzima likisubiri tairi lake, kuliko litoke na lisirudi.

Kwa upande wa Serikali, tunashauri mambo matatu. Kwanza, ukaguzi wa magari usiishie kwenye injini, taa na breki. Mkaguzi alinganishe saizi ya tairi na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hata kibandiko kikiwa cha Kijapani, tarakimu zake zasomeka na kila mtu. Pili, asome tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kung'aa dukani na huku limezeeka. Tatu, maofisa wanaonunua matairi ya magari ya Serikali wasitazame bei ya chini tu. Hatuwezi kumwadhibu kijana kwa kosa ambalo gari la ofisi linalifanya mbele ya macho yake.

Wanaotembea kwa miguu katika barabara zetu nyembamba ni wengi kuliko wanaopanda magari. Mtoto anayevuka asubuhi kwenda chuoni hajui tairi la gari lijalo lina inchi ngapi, wala si wajibu wake kujua. Ni wajibu wa mwenye gari, wa muuzaji, wa fundi na wa mkaguzi. Basi kabla ya kutoa fedha dukani, na tufungue mlango wa gari, tusome, tupige hesabu, ndipo tununue.