Kurambaza: Neno Lirudishwe Baharini

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa leo maana ya kurambaza, aghalabu atataja tarakilishi na intaneti: kupitia kurasa, moja baada ya nyingine. Hajakosea. Hata hivyo, neno hilo lina kazi yake baharini. Kurambaza ni kuvua kwa kukokota mshipi wenye ndoana na chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ili chambo kifanane na samaki mdogo anayekimbia, na kwa hivyo kiwavute samaki wawindaji kama vile nguru, kolekole na jodari.

Mvuvi wa ngalawa hurambaza kwa mshipi mmoja au miwili, upepo ukimsukuma. Katika mashua za mashine za uvuvi wa burudani huko Malindi, Watamu na Shimoni, fito kadhaa hutumika kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inahitaji akili nyingi. Fito ndefu huelekezwa nje ya ubavu, kulia na kushoto. Fupi hubaki tezini. Mishipi nayo haiachiwi urefu sawa: mingine huishia karibu na povu la mashua, mingine huenda mbali, na mingine hutiwa chubwi ili izame. Mashua inapopinda, mishipi ya upande wa ndani hulegea na kushuka, ilhali ya upande wa nje huenda mbio. Nahodha akipinda ghafla, yote husokotana. Samaki mmoja akinasa, mabaharia hukimbilia kukunja mishipi iliyosalia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ustadi huu, unaotendwa kila msimu na wenyeji wa mwambao, husimuliwa kwa maneno mengi ya Kiingereza. Wapo watakaodai kwamba hilo halina budi, kwa kuwa vifaa vyenyewe ni vya kigeni. Dai hilo lina ukweli nusu. Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa, na neno rili, kwa mfano, halitakidhuru. Lakini kukopa neno ilhali lipo la nyumbani si ukarimu, ni kujisahau.

Mfano mzuri ni ile miti miwili mirefu inayotandazwa kutoka ubavuni mwa mashua hizo ili kuitenga mishipi isikutane. Ngalawa ina mirengo yake, miti inayotoka kila upande kushikilia matengo. Kazi ya miti hiyo si moja, ila umbo na mkao wake vinafanana. Ajabu ni kwamba mrengo umekwisha kupelekwa katika siasa, ambako watu huzungumzia mrengo wa kushoto na wa kulia, kama vile kurambaza kulivyopelekwa kwenye tarakilishi. Ikiwa neno la ngalawa laweza kubeba itikadi, litashindwaje kubeba mti wa mashua?

Tatizo, basi, si uhaba wa maneno, bali ni mwelekeo wa safari zake. Wanaisimu huchota baharini ili kuistawisha istilahi ya bara, kisha hawarudi kuuliza kisima kina hali gani. Istilahi hubuniwa mezani, nayo kamusi humwelezea mvuvi bila kumsikia.

Hapa ndipo idara za Kiswahili zina wajibu. Miongoni mwa tasnifu zinazoandikwa kuhusu riwaya na ushairi, ziwemo pia zitakazoandikwa forodhani. Mwanafunzi aabiri, atazame mishipi ikitegwa, aulize kila kifaa na kila tendo linaitwaje Lamu, linaitwaje Vanga, kisha anakili neno pamoja na kazi yake. Wahadhiri nao wakubali kwamba nahodha asiye na shahada ni mtaalamu wa istilahi katika uwanja wake, na wamtaje kwa heshima hiyo. Kazi hii haifai kuahirishwa, maana wazee waliojifunza kurambaza kwa tanga wanazidi kupungua, na hakuna kamusi itakayowahoji baada yao.

Kurambaza na kukae katika tarakilishi. Hakuna anayelifukuza huko. Ila lisisahau lilikotoka. Wahenga walikwisha kusema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.