Mashoto asilazimishwe kulia

Viwanja vya milimani havina huruma. Kule Mtae, wilayani Lushoto, mahali ambapo milima ya Usambara inakatika ghafla na chini yake kuonekana tambarare ya Mkomazi, ardhi iliyonyooka ni haba. Mpira ukipigwa kombo unashuka bondeni, na mechi inasimama mpaka mtu aufuate. Ndiyo maana dogo anayepiga ovyo hukaripiwa mapema.

Shida ni kwamba dogo wa mashoto hukaripiwa hata akiwa amepiga vizuri. "Tumia mguu wa kulia!" Sauti hiyo si ya Mtae peke yake. Inasikika kwenye viwanja vingi vya vumbi nchini, na kila inaposikika kuna kipaji kinachorudishwa nyuma.

Chanzo chake kinaeleweka. Nyumbani mtoto anafundishwa kwamba mkono wa kushoto haushiki chakula, wala haupokei kitu kutoka kwa mkubwa. Hiyo ni adabu, na hakuna wa kuipinga. Lakini adabu ya sahani ibaki kwenye sahani. Mguu hausalimii mtu.

Michezo mingine imeshalielewa hili. Bastola nyingi ndogo ziliundwa kwa ajili ya mtu wa kulia: kitufe cha kutolea magazini kinakaa karibu na kidole gumba cha mkono wa kulia, na maganda ya risasi hurukia upande wa kulia. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wanaweka kitufe kinachohamishika, mashoto achague inayomkaa mkononi. Wamebadili chombo, mtu wamemwacha alivyo. Na kushoto si upande wa hasara: Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kulenga kwa kushoto, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwa bastola London 1948 na tena Helsinki 1952.

Kwenye soka hoja ni nyepesi zaidi, kwa sababu mashoto ni wachache na kila timu inawasaka. Mohamed Hussein 'Tshabalala' alitua Simba mwaka 2014 na kuishika namba tatu kwa zaidi ya miaka kumi, kabla ya kuhamia Yanga mwaka 2025. Krosi ya mtu kama yeye inatoka bila kugeuza mwili, na sekunde hiyo moja ndiyo inayomkuta beki hajajipanga. Stephane Aziz Ki naye alimaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21, silaha yake kubwa ikiwa ni guu lile lile ambalo watoto wetu wanaambiwa walifiche.

Lipo kosa la pili, na hili wanalifanya hata makocha wanaowapenda mashoto. Mtoto akionekana tu anapiga kwa kushoto, anapewa namba tatu au kumi na moja, basi. Hakuna anayemuuliza anaweza nini. Mohamed Salah na Arjen Robben walitisha dunia wakitokea kulia, wakikata ndani na kuachia shuti la kushoto. Mtoto mwenye jicho la pasi anaweza kufaa katikati. Aliyetulia na mwenye mwili anaweza kuwa beki wa kati anayefungua mchezo kwa upande ambao wengine wanaukwepa. Mguu unasema mpira utatokea wapi, hausemi mchezaji ana akili gani.

Hii haina maana kwamba mguu wa kulia uachwe ulale. Mchezaji wa mguu mmoja husomwa haraka, na mabeki humfungia njia. Afanye mazoezi ya kulia, apige ukutani, atoe pasi fupi. Lakini iwe nyongeza, isiwe adhabu.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti. Walimu wa michezo wanaochagua vikosi vya UMITASHUMTA na UMISSETA waanze kwa kumwachia mtoto mpira bila kumwelekeza, waone anaupiga kwa mguu gani, waandike kwenye daftari. Wasiangalie mkono anaoandikia, maana wapo wanaoandika kwa kulia na kupiga kwa kushoto. Kisha wamjaribu nafasi tatu tofauti kabla ya kumhukumu. Vyama vya soka vya wilaya na mikoa viliweke hilo kwenye kozi za makocha wa vijana, na TFF isimamie.

Mtoto wa Mtae yuko mbali na macho ya klabu kubwa. Siku anapopata nafasi ya kuonekana, pengine ni moja tu kwa mwaka. Akiingia uwanjani na mguu wa kuazima, atarudi nyumbani bila jina, na lawama haitakuwa ya mguu wake.