Uchunguzi wa Ardhi Yenye Sumu: Kesi ya Ngedere Isipelekwe kwa Nyani



Kuna faili za aina mbili ambazo wakubwa hupenda zifungwe na kusahauliwa. Za kwanza hulala katika makabati ya ofisi za serikali, na vuguvugu la mageuzi limepigana miaka mingi ili zifunguliwe. Za pili hulala chini ya miguu yetu. Ni ardhi ambayo kiwanda kilisimama juu yake, kikachuma faida, kikafungwa, na kuacha sumu. Faili hizi hazichomwi moto, wala hazipotei njiani zikipelekwa mahakamani. Lakini hazijifungui zenyewe. Lazima apatikane mtu wa kuzichimba, na swali letu leo ni hili: mtu huyo ni nani, na anawajibika kwa nani?

Tutoe mfano wa viwanda vya gesi vya zamani, kwa kuwa hakuna mahali ambapo swali hili limeonekana waziwazi zaidi. Kabla ya gesi asilia kusafirishwa kwa mabomba kutoka mbali, miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilijitengenezea gesi yake yenyewe katika karne ya 19 na miongo mingi ya karne ya 20. Makaa ya mawe yalitiwa katika tanuri lililozibwa lisiingie hewa, yakapashwa moto mpaka yakatoa gesi. Gesi hiyo ilipozwa, ikasafishwa, ikahifadhiwa katika matangi makubwa, kisha ikapelekwa kuwasha taa za barabarani na majiko ya nyumbani. Mwanga ukawa wa mji mzima. Uchafu ulibaki kwa majirani wa kiwanda: lami nzito ya makaa ya mawe, na taka za kusafishia gesi zenye sayanidi. Lami nyingine iliuzwa. Nyingine ilivuja kutoka katika mashimo na mabomba, ikazama ardhini.

Lami hii ni nzito kuliko maji. Ikifikia maji yaliyo chini ya ardhi haielei juu yake kama petroli. Huendelea kushuka ikipenya mchanga mpaka ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi, kisha hutambaa kufuata mteremko wa tabaka hilo. Njiani huachia benzini na naftalini, ambazo huyeyuka polepole katika maji. Benzini husababisha saratani ya damu. Hivyo kiwanda chaweza kubomolewa, majani yakaota, watoto wakacheza mpira juu yake, na lami ikabaki chini kwa zaidi ya miaka mia.

Kuitafuta ni kazi yenye utaratibu. Kwanza husomwa karatasi: ramani za zamani, hati za umiliki, michoro inayoonyesha matangi na mashimo yalikuwa wapi. Pili, ardhi hutobolewa, na sampuli za udongo huchukuliwa katika vina mbalimbali. Tatu, huchimbwa visima vya uchunguzi. Visipungue vitatu, wala visiwe katika mstari mmoja, ndipo mtaalamu aweze kulinganisha vimo vya maji na kujua yanaelekea wapi. Kimoja lazima kiwe upande ambao maji hayajapita kiwandani bado, ili mwenye kiwanda asije akamsingizia jirani. Maji hupimwa katika misimu tofauti, kwa maana kina chake hubadilika masika na kiangazi. Kila chupa ya sampuli huandikwa ilichukuliwa wapi, lini, na nani, na imepita katika mikono ya nani hadi maabara.

Sisi mawakili tunapousoma utaratibu huo tunatambua jambo tulilolizoea: ushahidi. Na kila ushahidi una mwenye kuuogopa. Anayechagua mahali pa kutoboa anaweza kuchagua jibu pia. Toboa mita mbili mahali ambapo lami imelala mita kumi, nawe utaandika ripoti inayosema kwamba hakuna sumu iliyoonekana, bila kuandika neno moja la uongo. Ripoti ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa ripoti kabisa, kwa kuwa humnyamazisha mwananchi kwa jina la sayansi.

Tazameni yaliyotokea Brooklyn, katika jiji la New York. Kandokando ya mfereji wa Gowanus palikuwa na viwanda vitatu vya gesi, ambavyo vyote vilifungwa zamani. Shirika la serikali kuu ya Marekani la kulinda mazingira lilipopendekeza mwaka 2009 kwamba mfereji huo uingizwe katika orodha ya mahali palipochafuliwa vibaya zaidi nchini humo, serikali ya jiji ilipinga. Ilileta mpango wake yenyewe, kwa hofu kwamba sifa mbaya ingewafukuza wajenzi wa majumba. Lakini jiji lilikuwa pia mmoja wa wachafuzi, kwa kuwa mabomba yake ya majitaka yalimwagia humo mvua inapozidi. Mchafuzi alitaka kusimamia uchunguzi wa uchafu wake mwenyewe.

Machi 2010 mfereji uliingizwa katika orodha licha ya upinzani huo. Mpango wa kuusafisha uliidhinishwa mwaka 2013 kwa makadirio ya dola milioni 506, na kazi kubwa ya kuondoa matope yenye lami ilianza mwaka 2020. Miongoni mwa waliotakiwa kubeba gharama ni kampuni iliyorithi biashara ya gesi, pamoja na jiji lenyewe. Sheria iliyotumika, ya mwaka 1980, haiulizi kama mwenye kiwanda alikusudia mabaya, wala haimwachilii kwa sababu alifanya hayo kabla sheria haijatungwa. Huuliza ni nani aliyechafua, na ni nani mrithi wake.

Hatusemi kwamba Marekani ni pepo. Tangu sheria ile itungwe hadi matope yalipoanza kuondolewa kwa wingi, ilipita miaka 40. Tunalosema ni kwamba mlango ulifunguka siku ile uamuzi ulipotoka mikononi mwa mtuhumiwa.

Sasa turudi nyumbani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, sumu ilikuwa nyingine, yaani madini ya risasi kutoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, lakini swali ni lile lile. Wakazi walilalamikia moshi na maji machafu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake alipatikana na risasi mwilini, alipoongoza malalamiko hayo, alikamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ilimwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi haifungi virago ikaondoka na mwenye kiwanda. Hukaa katika udongo ambao watoto huuchezea, na wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na ardhi isafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Jambo ambalo kila mwanamageuzi anapaswa kulikumbuka ni kwamba lawama haikuishia kwa mwenye kiwanda. Mahakama ya mwaka 2020 ilizitia hatiani pia taasisi za serikali, na NEMA, iliyopewa kazi ya kuyalinda mazingira yetu, ikabebeshwa sehemu kubwa kuliko zote.

Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Ikiwa taasisi iliyotoa leseni, iliyopokea malalamiko na kuyakalia, ndiyo itakayoamua pa kuchimba, pa kupima na pa kunyamaza, basi uchunguzi huo umekwisha kabla haujaanza.

Tutaambiwa kwamba maneno haya yatawatisha wawekezaji na kuwanyima vijana kazi. Tunajibu: mwekezaji anayekimbia kisima cha uchunguzi amekwisha kutuambia nia yake. Na kazi inayomlipa baba mshahara mwisho wa mwezi huku ikimlisha mtoto wake sumu ni mkopo ambao mtoto ndiye atakayeulipa.

Katiba ya 2010 imetupa silaha, nasi hatuna sababu ya kuziacha zishike kutu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amekwisha kuumia. Kwa hiyo hatulazimiki kungoja maiti ndipo tudai vipimo. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kuzipata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kwa misingi hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kiwanda chochote cha kemikali, gesi au madini kinapofungwa, ardhi na maji yaliyo chini yake yachunguzwe kabla kipande hicho hakijauzwa wala kujengewa. Pili, mchunguzi asichaguliwe na mwenye kiwanda wala na taasisi iliyompa leseni. Mahakama imteue, na mchafuzi alipe gharama. Tatu, wakazi wawe na wawakilishi wao siku ya kutoboa ardhi, na sehemu ya kila sampuli ipelekwe katika maabara ya pili. Nne, matokeo yabandikwe hadharani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, yakitaja kila kisima na kipimo chake.

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, wako waliodhani kazi imekwisha kwa kuwa vyama vimekuwa vingi. Lakini wingi wa vyama ulidaiwa ili mwenye mamlaka asijihukumu mwenyewe. Kanuni hiyo haikomi kwenye sanduku la kura. Inafika hadi kwenye kisima ambacho mama anateka maji alfajiri, bila kujua kilichomo, ilhali ofisini yupo anayejua. Mama huyo ana haki ya kujua anachowanywesha wanawe, na sisi tuna wajibu wa kuidai haki hiyo pamoja naye.